Uzi wa Papa Anaclet

—Muhindo, badilisha ile namba! Moja tu! Hakuna muntu atajua.

Nyuma ya nyumba yao pale Kindu, Odile alikuwa ameshika shati la mpenzi wake. Ndani, baba yake, Papa Anaclet, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, alikuwa anasubiri jibu pamoja na wajomba wa Odile.

Mzee huyo, jamani! Muhindo alipokuja kumposa Odile, aliambiwa hivi:

—Wakati wa vita shule ilifungwa. Nikafunga jiwe kwenye uzi, nikalibembeza, nikapima nguvu ya dunia ya kuvuta vitu. Nilipata 9,6. Wenzangu walinicheka, vitabu vinasema 9,78. Rudilia kazi yangu, kisha utaniomba binti.

Muhindo, mwalimu wa kompyuta kutoka Butembo, akarudia kwa uzi na jiwe lake. Akaiandikia Excel fomula. Ikatoka 9,78.

—Nikimudanganya leo, nitamudanganya maisha yote.

—Na akikukatalia? Nitaolewa na nani, na Excel?

—Nakupenda, Odile. Njo maana naogopa.

Akaingia na mashini yake ya kompyuta.

—Papa, mimi nimepata 9,78.

Wajomba wakaguna. Mzee akainamisha kichwa.

—Basi nilikosea. Mabomu yalikuwa yanalia, mikono ilitetemeka.

—Ngoja, papa. Nitajie namba zako zote za wakati ule.

Mzee alizijua kwa kichwa: kila urefu wa uzi na muda wake. Muhindo akaziingiza, na nukta zikajipanga kwenye mstari ulionyooka kabisa, ila ulipita pembeni kidogo ya sifuri.

—Angalia. Kila urefu umepunguka sentimita mbili, kila mara zilezile. Ulipima uzi mpaka wapi?

—Mpaka kwenye fundo.

—Na jiwe?

—Lilikuwa kama limau.

—Tunapima mpaka katikati ya jiwe, papa. Nikiongeza ile nusu ya jiwe, namba zako mwenyewe zinatoa 9,78. Mikono yako haikutetemeka hata kidogo.

Papa Anaclet akavua miwani. Machozi yalimtoka mbele ya shemeji zake.

—Miaka yote hii nilizani vita viliniharibu.

Akajifuta uso.

—Odile! Huyu angenipa 9,6 yangu, ningemupa weye leo leo. Ameona heri akukose kuliko kunidanganya. Unamupenda?

—Sana, papa! Sana!

—Basi Muhindo, mutoto wangu, telefonia mama yako Butembo. Mwambie afunge mizigo, aje harusini.

Odile akamrukia Muhindo shingoni mbele ya wajomba wote, bila haya. Na nani angemlaumu?