Miguu ya Babu

Kila asubuhi mpimaji damu alipanga vichupa vyake, akavaa glavu, kisha akaita, "Anayefuata!" Asubuhi moja aliyefuata aliingia, akaketi, akaiona sindano, akaanguka chali pamoja na stuli.

Alipozinduka alikuta uso wa upole umemwinamia, hereni ndogo za kijani zikining'inia.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Kinyozi."

"Kinyozi anayeogopa damu?"

"Ndiyo maana sijawahi kumkata mtu."

Dada mpimaji alicheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni. Kinyozi akaona hana haraka ya kuinuka.

Wakaanza kupigiana simu. "Sindano yangu," alimwita. "Mzimiaji wangu," aliitikiwa. Mapenzi yakanoga, ila neno la ndoa kinyozi alilikwepa kama wembe butu. Siku moja akaja maabara, shati limenyooshwa pasi, ananukia marashi ya dukani kwake. Moyo wa dada ukaruka: leo ndiyo leo!

"Mpenzi, nipime. Babu alimkimbia bibi. Baba akamkimbia mama. Baba mdogo ndiye usiseme, kawakimbia wawili. Nataka kujua kama na mimi ninayo."

"Unayo nini?"

"Hiyo ya kukimbia. Si imo kwenye damu?"

Kumbe ndicho kilichomleta! Dada akameza uchungu wake, akatania, "Hata sihitaji kupima. Unayo tele."

Kinyozi hakucheka. Alivaa kofia yake akaondoka, na simu yake ikanyamaza wiki nzima. Mwishowe dada, ambaye hata kuuliza nauli huona haya, akapiga yeye.

"Umenikimbia?"

"Nimetoka mapema, nisije nikakukimbia tukiwa na watoto."

"Yaani umekimbia ili usikimbie? We mwanamume! Ule ulikuwa utani. Hakuna kipimo cha hivyo."

"Wewe si mtaalamu? Ulisema ninayo."

"Nilikuwa na hasira! Sikiliza. Kuna vitu tunarithi, sikatai. Huko kuzimia, kwenu kupo?"

"Baba huzimia hata akiona nyama mbichi."

"Basi urithi wako umeshaupata. Kubaki au kuondoka, utaamua mwenyewe."

Akakata simu kabla ujasiri haujamwisha.

Asubuhi iliyofuata akapanga vichupa, akavaa glavu. "Anayefuata!"

Kinyozi akaingia, akaketi, akakunja mkono wa shati.

"Nitoe damu."

"Ya kupima nini?"

"Chochote. Wewe nitoe tu."

Sindano ikatokeza. Jasho likamchuruzika kinyozi hadi kwenye kola, na viatu vyake vikageuka taratibu kuelekea mlangoni.

"Tazama miguu yako," dada akanong'ona. "Inataka kukimbia."

"Hiyo ni ya babu. Achana nayo."

"Na wewe je?"

Kinyozi akafumba macho, akaushika ukingo wa meza kwa mkono wa pili.

"Mimi nataka kukuoa."