Viatu Vilivyofanya Mazoezi

Fundi viatu alishinda kutwa ameketi kwenye kigoda chake, nyundo mkononi. Viatu vya watu vilikwenda mbali. Yeye hakwenda popote.

Jioni moja alimbeba mjukuu wake wa miaka minne kupanda ngazi za nyumbani. Walikaa ghorofa ya tatu. Walipofika ya pili, pumzi zilimwishia. Akamtua mtoto, akashika ukuta.

"Babu, nikubebe?" mtoto akauliza.

Majirani waliokuwa ngazini wakacheka. Fundi naye alijikaza kisabuni akacheka, lakini aibu ilimchoma. Akaapa kwamba atambeba mtoto yule mpaka mlangoni.

Daktari alimpima, akamruhusu kufanya mazoezi, ila aanze polepole. Neno hilo la mwisho liliingia sikio moja likatokea la pili. Aliwaona vijana wakirukaruka kwenye video ya mazoezi simuni, naye akajifungia chumbani, akaruka nao bila kupumzika. Dakika ya tatu kizunguzungu kikamketisha kitandani.

"Hongera, baba!" mkewe, aliyesikia vishindo, akaita kutoka sebuleni. "Leo umenifurahisha."

Sasa angemwambia nini? Kesho yake aliketi kitandani, akavaa viatu mikononi, akapiga sakafu: pa-pa, pa-pa, pa-pa. Mkewe akamsifu tena. Ikawa hivyo kila siku, na kila sifa ilimwongezea haya.

Wiki mbili zikapita. Mkewe alipotoka kwenda kuanika nguo, muuguzi aliyekaa ghorofa ya chini yao akabisha hodi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Sista. Kelele zimekuudhi?"

"Nimezizoea. Ila unaruka nusu saa, pale pale juu ya dari yangu, mwendo ule ule. Mtu huchoka, fundi. Hivi anayeruka ni nani?"

Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni viatu, Sista," akasema, macho chini. "Mimi nimekaa. Siku ya kwanza nilidhani nakufa."

Muuguzi hakucheka.

"Siku ile ulizidisha. Sasa hufanyi kitu. Kipimo chako unacho, ni mdomo."

"Mdomo?"

"Tembea hapo hapo dakika tano, mwili upate moto." Fundi akatembea. "Haya, nyanyua magoti haraka, nusu dakika. Umekunywa nini asubuhi?"

"Chai... na... mkate."

"Hapo hapo! Ukiweza kunipigia soga, unajidekeza. Usipoweza kutoa hata neno, umezidisha, punguza. Maneno mawili matatu yanatosha. Sasa tembea taratibu dakika moja na nusu, mpaka useme bila kukatika. Ndipo urudie. Anza na mara nne, siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Wala si lazima kuruka. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha, uende hospitali."

Mkewe aliporudi, muuguzi alikuwa ameshaondoka. Akamvua mumewe fulana. Ilikuwa imelowa chapachapa. Akaigeuzageuza mikononi.

"Mama," fundi akaanza, "zile siku nyingine, nilikuwa..."

"Najua. Fulana zako nafua mimi. Wiki mbili hazikuwa na jasho."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungejificha wapi tena? Chumba ni hicho kimoja."

Fundi akafunika uso kwa mikono. Kisha akafanya kama alivyofundishwa, wiki baada ya wiki, mlango wazi.

Mwezi wa tatu alimbeba mjukuu tena. Walipofika ghorofa ya pili, mtoto akamchungulia usoni.

"Babu, umechoka?"

"Kidogo. Lakini hadithi naweza kukusimulia mpaka mlangoni."

"Nisimulie!"

"Palikuwa na mzee mmoja," fundi akasema huku akipanda, "aliyevaa viatu mikononi."

Nyuma yao, mkewe alicheka mpaka akashika ukuta.