Mbwa wa Merle

Harufu ya mbwa aliyelowa ndiyo iliyotangulia. Lorna aliinusa akigawa blanketi katika ukumbi wa chini ya kanisa, ambako wasio na makazi hulala majira yote ya baridi, na ambako mbwa haruhusiwi kukanyaga.

Sheria hiyo ndiyo iliyomweka Merle chini ya daraja, thelujini, na mbwa wake Tilly. Lorna alimbembeleza aingie mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe Curtis, mwenzake wa kujitolea tangu ukumbi ufunguliwe, akasema atampeleka Tilly shambani kwa dada yake. Lorna akamwapia Merle kwamba mbwa yuko salama, na Merle akaingia kulala.

"Curtis, leo umevaa koti la mbwa?" Lorna alimtania.

"Pua yako imezeeka, dada," Curtis akajibu bila kumtazama.

Taa zilipozimwa, kucha zikaanza kugonga sakafu. Zilipita kitanda hadi kitanda, zikisimama, zikiendelea, na watu wazima waliozoea kulala popote wakajifunika gubigubi, wakabana pumzi, huku Lorna akimulika tochi huku na huku asione kitu ila nyayo za maji zikijichora zenyewe kuelekea kwa Merle, aliyekuwa ameuning'iniza mkono kitandani kama alivyozoea.

"Mama Lorna," Merle alinong'ona. "Ananilamba. Ulimi wake baridi kama barafu. Si ulisema yuko shambani?"

Lorna akamgeukia Curtis. Moyo wake ulishajua.

"Alinisumbua garini," Curtis akasema. "Nikamshusha njiani. Nilidhani angerudi mwenyewe."

"Amerudi," Merle akasema.

Miaka yote hiyo alimwachia mtu huyu funguo. Merle alikuwa tayari anavaa buti, na Lorna akamshika mkono, akamsihi asitoke, baridi ya nje ingemuua.

"Neno lako nililiamini mara moja, mama. Imetosha."

Mlangoni Merle akainama, akamnyooshea Curtis kidole, akatoa ile amri aliyompa Tilly kila alipoingia dukani.

"Kaa naye. Nisubiri hapo."

Nyayo za maji zikageuka, zikaja mpaka miguuni pa Curtis, zikatulia.

Merle hakuonekana tena. Curtis naye alishahama mji, na huko alikohamia jirani wa ghorofa ya chini humlalamikia mwenye nyumba: mbwa wa bwana yule analia kila usiku, kama anayemngoja mtu.