Kitufe cha Dorsaf

Wanamtaa wenzangu, nisikilizeni niwaambie yaliyoipata nyumba ya Bahija hapa Kairuani. Mimi Latifa sisemi kwa uadui. Mimi na yeye tunatenganishwa na ukuta mmoja tu.

Asubuhi zao zilikuwa tamu. Bahija, mjane, alikaa akifuma mazulia, na bintiye Dorsaf kando yake kwenye kiti cha magurudumu. Tangu kuzaliwa, viungo vya Dorsaf havikumtii, wala ulimi. Shavu la kulia ndilo lililomtii. Hapo shavuni palikuwa na kitufe kisicho na waya, kipana kama kisahani cha kahawa. Maneno yalipita kwenye skrini mbele yake. Likifika alitakalo, alibonyeza kwa shavu, na mashine ikalitamka.

"Mama, mstari umepinda."

"We mtoto! Zulia langu au lako?"

"Na Bi Latifa kaunguza kahawa tena. Harufu imefika huku."

Tulicheka mpaka machozi. Jamani, yule hakuwa wa kuhurumiwa. Alikuwa na maneno makali kuliko mimi!

Kisha kaka yake, Wajdi, akamchumbia Olfa, binti wa watu wenye jina. Siku ya wakwe kuja kulikuwa na baridi kali. Bahija alikaanga makrudi, keki zetu za tende, lakini uso wake haukuwa na raha.

"Leo utakaa chumba cha nyuma," alimwambia Dorsaf.

"Kwa nini? Nataka kumwona wifi yangu."

"Watasema ugonjwa uko kwenye damu, wamkatae kaka yako."

"Nitasalimia tu."

"Salamu zako nazijua!" Bahija akakichomoa kitufe, akakitia mfukoni. "Utakipata wakishaondoka."

Wajdi alikuwa mlangoni, akaona yote. Akainamia viatu vyake.

Bahija alimpenda bintiye, msidhani vingine. Alimwekea jiko la mkaa apate joto. Halafu akafunga dirisha na mlango, sauti isitoke.

Sebuleni chai ilinywewa, vicheko vikapanda. Olfa akauliza, "Mama, nasikia Wajdi ana dada?"

"Yuko Susa, kwa shangazi yake."

Hapo ukasikika mlio kutoka nyuma. Mzito, wa kukokota.

"Nini hicho?" aliuliza mama yake Olfa.

"Paka wa jirani," alijibu Bahija. "Yule hashibi." Akamwashiria Wajdi aongeze sauti ya muziki. Wajdi akaongeza.

Mlio ulirudi mara kadhaa, kisha ukakoma. Bahija akashusha pumzi.

Wageni walikuwa bado wanaagana uani Bahija aliposukuma mlango wa chumba cha nyuma. Kelele yake ilinitoa kwangu mbio bila viatu. Tulimkuta Dorsaf kichwa kimelala begani, midomo imebadilika rangi. Hewa chafu ya mkaa ilikuwa imemlevya.

Hakufa. Madaktari walimrudishia pumzi, lakini lile shavu halikurudi. Mama yake alikibandika kitufe pale pale, akapiga magoti. "Bonyeza, roho yangu. Nitukane ukitaka." Maneno yakapita kwenye skrini, yakaisha, yakaanza upya.

Olfa alikuja hospitalini. Akambusu Dorsaf kwenye paji la uso, kisha akamgeukia Bahija.

"Mama, ungenionyesha wifi yangu ningemkumbatia. Sasa mimi nikiolewa kwako, siku nikiugua nitaitwa paka wa nani?"

Akaivua pete, akamwekea Wajdi mkononi.

MAFUNZO

Enyi wazazi, mkaa katika chumba kilichofungwa huua. Hilo mnalijua, na kila baridi tunazika. Lakini Dorsaf hakuangamizwa na mkaa peke yake. Angekuwa na kitufe chake angeita, "Mama, naumwa," na mlango ungefunguliwa. Kifaa cha kusemea ni ulimi wa mwenyewe. Mtu hang'olewi ulimi kwa sababu wageni wanakuja. Na wewe uonaye dhuluma nyumbani ukainamia viatu vyako, jua kwamba umeshika ufunguo wa mlango ule ule. Aibu si mtoto kuzaliwa hivyo. Aibu ni mama kumkana mwanawe akimsikia analia.