Nyayo Kwenye Jiwe la Bwawa

Jioni ilipoanza kuingia, Bi Sindano alifunika cherehani yake, akatia chupa ya maji mkobani na kwenda kuchagua mawe ya kusakafia kando ya bwawa la kuogelea. Jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake, si kazi yake, wala hakulikataa.

Bwawa aliachiwa na marehemu mumewe. Kando yake kulikuwa na vigae vinavyong'aa, na ndivyo vilivyomtelezesha binti yake akavunjika mguu wa kushoto. Tangu hapo mtoto aliuburuta. Daktari alisema dawa yake ni mazoezi ya majini. Wifi yake akasema bwawa lile linataka mtu, lifukiwe.

"Likitaka mtu, lije kwangu," Bi Sindano alimjibu. "Mwanangu atatembea." Akaving'oa vigae vyote.

Muuza mawe alikuwa mtu mpole, vumbi hadi kwenye kope. "Usichague kwa macho, mama," alimwambia. "Lowesha miguu, upite juu yake."

Bi Sindano alivua viatu. Jiwe la kwanza lilikuwa laini mno. La pili lilimkwaruza. Nyuma ya banda akaliona jingine, bapa, la kijivu, limelazwa peke yake. Alilipanda. Lilikuwa baridi, na halikuteleza hata chembe.

"Hili hapa!"

Alishuka, akageuka kutazama nyayo zake.

Kulikuwa na nyingine.

Ndogo. Mbichi. Wa kulia umekanyaga sawasawa. Wa kushoto umeacha mfuo wa maji... umeburutwa.

Binti yake alikuwa nyumbani na shangazi yake.

Harufu ya maji yaliyooza ilimpanda puani.

"Hilo siuzi, mama," muuza mawe alinong'ona. "Lilitoka kwenye bwawa la zamani. Bwawa lenyewe lilifukiwa."

"Kwa nini?"

Akainamisha macho. "Twende mbele, nikuonyeshe mengine."

Mwingine angetimua mbio. Bi Sindano aliogopa, lakini hasira ilimzidi. Nyayo zile alizijua. Aziache nyuma ya banda la watu? Alipiga magoti, akaliwekea jiwe kiganja.

"Mwanangu halali nje," alisema kwa sauti. "Twende nyumbani."

Jiwe likawa vuguvugu.

Muuza mawe alisihi weee, mwisho akakubali. Jiwe likapakiwa pamoja na mengine yaliyofanana nalo, likalazwa penye ngazi za kuingilia majini. Kila siku binti alifanya mazoezi, na mama yake akakaa juu ya jiwe lile kama mlinzi wa benki. Mguu ukapata nguvu. Hatimaye, jioni moja, mtoto alitoka majini akakimbilia jikoni. Alikimbia! Bi Sindano alipiga vigelegele mpaka koo likamkauka.

"Haya, wifi," alitania huku akifuta machozi, "bwawa limemtaka nani?"

Giza lilikuwa linaingia alipotoka kuanua taulo. Nyayo za mwanawe, zilizonyooka, zilishaanza kukauka juu ya jiwe. Kando yake kulikuwa na nyingine, mbichi.

Wa kushoto umeburutwa.

Zilitoka majini. Zilielekea mlangoni.

Ndipo alipoelewa. Hata siku ile hazikuwa za mwanawe.

Chwa... kwaruu. Chwa... kwaruu.

Hakuona mtu. Alirudi kinyumenyume hadi kizingitini, akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Simama hapo! Wangu yuko ndani. Wewe una mama yako, mtafute."

Kisha sauti ya mtoto, chini, usawa wa kiuno chake:

"Si ulisema mwanao halali nje?"

Hakupisha.

"Nilikosea," alisema. "Humu huingii."

"Mama, unaongea na nani?" binti yake aliita kutoka jikoni.

"Usije huku!"

Mpaka leo, kila jioni, Bi Sindano husimama pale mlangoni. Wifi yake hudhani anapunga upepo. Kama mtoto yule angefoka, au angegonga, angejibiwa vilivyo, maana ugomvi Bi Sindano anauweza. Lakini mtoto hagombi. Kila siku anaomba kwa adabu zaidi. Jana alisema, "Shikamoo, mama."

Na Bi Sindano nusura aitikie.