Fundi Aliyeipita Zahanati Yake

Mtaa mzima ulimwita Timazi. Timazi ni ile kamba yenye chuma kizito ambayo fundi huining'iniza ili kuona kama ukuta umesimama wima. Kuta zake zilinyooka hivyo. Jina likamganda, naye akalipenda.

Zahanati ya mtaa aliijenga yeye, tangu msingi hadi linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Sasa alikuwa akiiongezea chumba cha kujifungulia kina mama. Mgeni akipita, Timazi humnyooshea mwiko.

"Unaona dirisha lile? Weka yai pale kwenye kizingiti. Likibingirika, nakupa mwiko wangu!"

Lakini siku yake ya kliniki ikifika, Timazi huyo huyo huvaa shati la pasi, akaipita zahanati bila kugeuza shingo, akapanda gari kwenda hospitali kuu. Alikuwa na shinikizo la damu, lile ambalo watu huliita presha.

"Baba watoto," mkewe alimwuliza, "nyumba umejenga wewe, mbona kulala unakwenda kwa jirani?"

"Pale ni pa kikohozi na vidonda vya watoto," akajibu. "Presha inataka daktari mwenye miwani."

"Basi nesi wetu tumtafutie miwani, yaishe."

Timazi hakucheka. Safari ya hospitali kuu humla siku nzima. Foleni ndefu kama msafara wa siafu, na kazi huku imelala. Kwa hiyo vidonge vyake akavifanyia ubahili, visije vikaisha akalazimika kurudi huko kabla ya siku yake. Aliviweka kwenye mfuko wa zana, akavinywa siku chache tu kabla ya kliniki. Daktari akimpima kwa mashine humwambia, "Hongera, mzee, presha imetulia." Basi Timazi hurudi kifua mbele, na vidonge hurudi mfukoni.

Mwenyewe aliita kazi hiyo "kuipikia mashine." Aliyeijua siri ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya naye kazi.

"Shemeji, iko siku mashine itakataa chakula chako," kijana alimwonya.

"Kwani naumwa mimi? Nakula, nashiba, nalala nakoroma. Leta lipu hapa!"

Asubuhi moja Timazi alikuwa juu ya jukwaa, akipiga lipu karibu na dari ya kile chumba kipya cha zahanati. Ghafla ukuta ukaanza kucheza mbele ya macho yake. Mwiko ukamtoka. Shemeji yake alimdaka kiunoni, wakateremka wakiwa wamekumbatiana kama maharusi.

Mlango wa zahanati ulikuwa hatua chache tu. Shemeji akamwingiza ndani na kumlaza kitandani.

"Nipelekeni hospitali kuu!" Timazi alilalama. "Hapa mtaniua!"

"Tulia kwanza, baba," alisema nesi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. "Hebu tabasamu."

"Nitabasamu nini na mimi nakufa?"

"Tabasamu tu. Vizuri. Nyanyua mikono yote miwili. Sasa niambie jina la mkeo."

Timazi akalitaja.

"Mdomo haukupinda, mikono ina nguvu, na maneno yanatoka sawasawa. Ningeona kimojawapo kimeharibika, ningekukimbiza hospitali kuu sasa hivi, maana hizo ni dalili za kiharusi. Hiyo ndiyo kazi ya hospitali kuu."

Akampima. Presha ilikuwa juu. Akamwacha apumzike, akampima tena. Bado ilikuwa juu. Nesi akampigia simu daktari wa hospitali kuu, wakashauriana. Kisha akarudi na kuvuta kiti.

"Dawa unakunywa, baba?"

"Kila siku."

Shemeji akakohoa. Timazi akamkata jicho.

Nesi hakubishana. Akatazama chini. "Sakafu hii nzuri. Ulipomimina zege, ulilimwagilia maji?"

Macho ya Timazi yaling'aa hata pale kitandani. "Asubuhi na jioni! Zege lisilomwagiliwa linapasuka."

"Hata lilipoonekana limekauka?"

"Hapo ndipo wajinga wanapoacha! Juu limekauka, ndani bado linatafuta nguvu."

"Na fundi anayemwagilia siku ya mkaguzi tu?"

"Huyo si fundi, ni tapeli! Anamdanganya mkaguzi, kumbe nyumba itamwangukia mwenye..."

Akaitazama sakafu ile. Mkewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika mbio, alisimama mlangoni.

"Nesi," Timazi alisema polepole, "vidonge viko kwenye mfuko wa zana."

"Mficha maradhi kilio humuumbua," mkewe alisema, machozi yakimlenga. "Ungeniacha mjane kwa ajili ya sifa?"

Nesi akamweleza. Presha haina haja ya kuuma ndipo iharibu moyo, figo na ubongo. Kidonge hunywewa kila siku, hata mtu akijisikia mzima. Chumvi ipunguzwe. Na hadi presha ishuke, jukwaani asipande.

"Nisipande? Mimi?"

"Wewe."

"Na dawa nitaipata hapa? Watu wanasema hapa hakuna dawa."

"Wanasema kweli, huwa zinaisha," nesi alikiri. "Lakini sikia. Dawa tunaagiza kulingana na wagonjwa tunaowahudumia. Mtaa huu una wenye presha wengi, nao wote wanatupita. Kwenye hesabu tunaonekana hatuna wagonjwa, tunaletewa dawa kiduchu, zinaisha, mnazidi kutupita. Huko hospitali kuu nako mmejazana. Anayesubiri upasuaji hapati nafasi, kwa sababu daktari anampima presha mtu wa mlangoni kwangu. Sera ya afya inataka kinga kwanza, na matibabu yaanzie karibu na nyumbani. Lakini sera haitembei peke yake. Inataka miguu yenu."

Daktari wa hospitali kuu alikubali Timazi ahamishiwe pale. Basi zikaja wiki ngumu. Fundi mkubwa akabaki chini akikoroga saruji, na shemeji akapanda juu.

"Lipu hiyo imepinda!" Timazi alipiga kelele.

"Njoo uinyooshe, shemeji!"

Ilimuuma kuliko ugonjwa. Lakini kila asubuhi mkewe alimpa maji na kidonge, naye akameza mbele yake. Jioni akawapitia mafundi wenzake, mmoja mmoja. "Twende ukapimwe. Mimi nilikuwa tapeli wa mwili wangu mwenyewe." Wengine walimcheka. Wengi wakaenda. Watatu kati yao walikutwa na presha bila kujua.

Si kwamba yote yalinyooka. Mwezi mmoja dawa zilichelewa. Lakini safari hii nesi aliwaambia mapema, na kamati ya afya ya mtaa ikafuatilia wilayani. Zilipofika, zilikuwa nyingi kuliko zamani, kwa kuwa sasa wagonjwa walionekana.

Ikafika siku ya kupimwa. Timazi alikaa kwenye benchi na nguo zake za kazi. Safari hii hakuipikia mashine chochote. Nesi akapima, akapima tena, akatabasamu.

"Imeshuka, baba. Na hii ni yako ya kweli. Dawa usiache. Jukwaani panda."

Timazi alitoka na mwiko mkononi. Akapanda taratibu, ngazi kwa ngazi, mkewe akimtazama. Kufika juu, kitu cha kwanza alichofanya ni kubandua lipu ya shemeji yake.

Mama mmoja mjamzito alikuwa akiingia kliniki. Akasimama chini, akashangaa.

"Fundi! Tulisikia umeanguka. Nani kakutibu? Hospitali gani?"

Shemeji alifungua mdomo ajibu, lakini sauti kutoka jukwaani ilimwahi.

"Hapa hapa, mwanangu!" Timazi aligonga ukuta kwa kiganja. "Ingia ndani, nesi yupo!"