Singo ya Dada Luciana

Kila asubuhi, kabla Rabia hajashika begi lake la shule, ilimbidi asimame mlangoni akaguliwe. Shangazi yake, Bi Mwanabaraka, alianza na viwiko, akashuka magotini, akamalizia kwenye visigino. Akiona mahali pamepauka, alimrudisha ndani bila huruma.

"Mafuta yako palepale dirishani. Mtoto hatoki nyumbani kwangu na miguu kama aliyekanyaga unga."

Rabia, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alinung'unika kidogo, lakini moyoni alijivunia shangazi yake. Nani asingejivunia? Mtaa mzima wa Lumemo, pale Ifakara, hakukuwa na mama mwenye ngozi nyororo kama ile, na umri wake haukuwa mdogo. Mkorogo hakuugusa hata siku moja. Alinawa kwa maji safi asubuhi na jioni, akajipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na jua la mchana hakulitokea bila mtandio. Ukimuuliza siri yake, alicheka.

"Siri gani? Ni kufanya kila siku, na kufanya bila haraka."

Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka Sanje na Malinyi ni singo. Wazee wake walitoka Tanga, wakaja nayo kazi hiyo ya kuwaremba maharusi. Mchele uliroweshwa, ukaanikwa, ukatwangwa kwenye kinu. Kisha ulichekechwa kwa chekeche, halafu ukachekechwa tena kwa kitambaa chepesi mpaka ukawa laini kama poda. Chenga zilizobaki zilirudishwa kinuni. Ndipo unga ulipochanganywa na liwa, ule mti wa kunukia uliosagwa, na maji ya waridi, na bibi harusi akasingwa, yaani akasuguliwa taratibu mikono, shingo na uso, mpaka akang'ara. Waislamu kwa Wakristo, wote walibisha hodi kwa Bi Mwanabaraka. Naye alikuwa na sharti moja: aliyetwanga ndiye anayeanza kujisugua shavuni, ndipo singo imguse mtu mwingine.

Ijumaa moja Rabia alirudi kutoka shule akamkuta shangazi amevaa mtandio, tayari kutoka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Luciana anakuja alasiri, kesho ndiyo harusi yake. Mchele umeshakauka. Leo utatwanga wewe. Mimi nafuata maji ya waridi dukani. Ukimaliza kwa chekeche, pitisha kwa kitambaa. Umenisikia?"

"Nimesikia!"

Rabia alitaka kuruka kwa furaha. Hakuwahi kuachiwa kazi hiyo peke yake, tena kwa ajili ya dada Luciana! Jirani huyo ndiye aliyemsuka nywele tangu darasa la kwanza, na hakuwahi kumvuta hata unywele mmoja kwa ukali. Rabia alitwanga kwa bidii, jasho likamtiririka, akachekecha mara ya kwanza. Unga ukatoka mweupe, wa kupendeza.

Alikuwa ananyoosha mkono kuchukua kitambaa aliposikia anaitwa. Ni Teddy, rafiki yake, anachungulia juu ya ua.

"Rabia! Tumeanza rede, timu yetu inakufa! Tunakungoja wewe tu!"

Rabia alikitazama kitambaa, akautazama unga. Si ulikuwa laini tayari? Chenga mbili tatu nani angeziona? Akaumimina unga wote bakulini, akakikunja kitambaa vizuri kama kilivyokuwa, akakimbilia uwanjani.

Aliporudi, shangazi alikuwa ameshasaga liwa.

"Umepitisha kwa kitambaa?"

"Ndiyo, shangazi."

Jibu lilitoka upesi. Shangazi hakuuliza tena. Alimwamini, akachanganya singo huku akiimba kwa sauti ndogo.

Luciana aliingia akiwa na kanga begani, akasalimia, akaketi mkekani. Alikuwa ametoka Malinyi kuwasaidia wazazi wake kuvuna, na majani ya mpunga yalikuwa yamemchora mistari myembamba kwenye mikono na mashavu.

"Mama, nisaidie," alisema. "Kesho kanisa zima litanitazama mimi, nami naonekana kama niliyepigana na paka."

Bi Mwanabaraka alicheka. "Michubuko ya mpunga si aibu, mwanangu. Ndiyo iliyotulisha sote. Palipo pabichi hatutagusa. Kwingine tutapita polepole, singo yangu haimkwaruzi mtu. Lala, fumba macho."

Luciana akalala, akafumba macho, akatabasamu. Shangazi akamgeukia Rabia.

"Haya. Shavu."

Rabia alichota singo kwa vidole. Alizisikia chenga, kali kama mchanga wa mtoni. Akaipitisha shavuni mwake juujuu tu, bila kukandamiza.

"Ikoje?"

"Laini, shangazi."

Shangazi alichota ya kwake, akainama juu ya uso wa Luciana. Bibi harusi hakufumbua macho. Alikuwa ametulia kabisa, shingo ameilegeza, wala hakuwa na wasiwasi wowote duniani. Rabia alimtazama, akahisi aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Shangazi, ngoja!"

Mkono wa shangazi ulisimama hewani.

"Sikupitisha kwa kitambaa. Nilikwenda kucheza rede. Nimekudanganya... nimekudanganya mara mbili. Ina chenga."

Bi Mwanabaraka aliisugua singo kati ya vidole vyake. Hakufoka, na bora angefoka. Luciana alifumbua jicho moja.

"Kumbe mdogo wangu alitaka nifike kanisani kama papai lililokwanguliwa!"

Utani huo ndio uliomtoa Rabia machozi. Alilia hasa, kwa kumpenda Luciana na kwa kujua alichotaka kumfanyia.

"Machozi hayatwangi," shangazi alisema. "Mchele mwingine uko kwenye ungo. Nenda."

Rabia alirudi kinuni. Alitwanga, akachekecha, akapitisha kwa kitambaa, chenga akazirudisha, akatwanga tena. Teddy alipoita kutoka uwanjani, alijibu bila kuinua kichwa, "Leo siji!" Luciana alikunywa chai mbili akimngoja, wala hakulalamika.

Singo mpya ilipokuwa tayari, Rabia hakusubiri kuambiwa. Alijipaka shavu hili na hili, akasugua kwa nguvu, akanawa, akampelekea shangazi uso wake. Bi Mwanabaraka alipitisha kidole gumba kwenye mashavu yote mawili. Hapakuwa na hata alama.

"Kaa hapa, nikwambie," alisema, sauti yake sasa imelainika. "Kutwanga mtu yeyote anaweza kujifunza. Lakini anayekuja kwetu tunamwambia afumbe macho, naye anafumba. Haoni chenga, haoni kitambaa, anatuona sisi tu moyoni mwake. Mtu aliyekufumbia macho amekupa amana. Ukifanya kazi nusu ukasema umemaliza, umemwibia. Leo ulikosea, lakini ulisema kweli kabla mtu hajaumia, na kusema kweli ukiwa na aibu ni kazi ngumu kuliko kinu. Kwa hilo nimekupenda zaidi."

Kisha akafanya jambo ambalo Rabia hakulitarajia. Alimwekea bakuli mikononi.

"Anza wewe. Anza na mkono."

Rabia alipiga magoti kando ya mkeka. Luciana alimtazama, akamtazama tena, akiuma mdomo asicheke.

"Niambie wewe, mdogo wangu. Nifumbe macho?"

Rabia alichota singo, akaisikiliza kwa vidole vyake mara ya mwisho.

"Fumba, dada," alisema.